Simba wa kupendeza, uso mkavu: kwa nini The Lion King ya 2019 haikuwaliza wanao

SWALI: Mimi ni baba wa watoto wawili, wa miaka 7 na 10, niko Morogoro. Nimekua na The Lion King ile ya zamani ya kuchorwa. Mufasa, baba yake Simba, alipokufa nililia, na sikuona aibu. Juzi nikawawekea wanangu ile ya 2019, nikijua picha zake ni kali kuliko za zamani. Walitazama kimya tu. Mufasa akafa, mdogo akaniuliza kama juisi imebaki. Mimi mwenyewe sikusikia kitu. Hadithi ni ileile, nyimbo ni zilezile, hata sauti ya Mufasa ni ya mtu yuleyule. Je, ni mimi nimezeeka, ni watoto wa siku hizi wana moyo mgumu, au filamu ndiyo ina kasoro? Na ile ya Mufasa ya 2024 niwawekee au niachane nayo?

JIBU: Ndugu yangu, wanao wako sawa na wewe hujazeeka kiasi hicho. Kasoro iko kwenye filamu, na ni moja iliyozaa nyingine zote. Watayarishaji walichukua hadithi iliyotungwa kwa ajili ya nyuso zinazoigiza, wakaikabidhi kwa wanyama waliokatazwa kuigiza. Hayo mengine uliyoyaona, ukimya wa watoto na ile juisi, yanatokana na uamuzi huo.

Kwanza niitendee haki filamu yenyewe, maana wapo watakaosoma jibu hili na wao waliipenda. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani kote. Watazamaji wa Marekani walioulizwa wakitoka ukumbini siku za mwanzo waliipa alama ya A. Ikateuliwa kuwania Oscar ya madoido ya picha. Wahakiki ndio waliogawanyika, karibu nusu kwa nusu. Elton John, aliyetunga nyimbo zake na Tim Rice, alisema hadharani mwaka huohuo kwamba toleo jipya lilimvunja moyo kwa jinsi lilivyoushughulikia muziki. Kwa hiyo si kila mtu alitoka amekasirika. Ila mimi nafundisha vijana kazi ya katuni, na nikimwambia mwanafunzi aniigizie tukio lolote la The Lion King, bila kumtajia ni ipi, hukunja shingo, hupandisha nyusi, hunyoosha kidole kama kucha. Hiyo ni ya 1994. Sijaona bado anayeigiza ya 2019, kwa sababu hakuna cha kuiga. Wanyama wake wanatembea vizuri mno na wanasimama vizuri mno, basi.

Watu wengi huiita filamu ya wanyama halisi. Si kweli. Ni katuni tangu mwanzo mpaka mwisho, ila imechorwa na kompyuta ili ifanane na picha ya kamera. Mwongozaji wake, Jon Favreau, alieleza mwenyewe baada ya filamu kutoka kwamba shoti moja tu ndiyo iliyopigwa kwa kamera Afrika, nayo ni ile ya kwanza kabisa ya jua kuchomoza; nyingine 1,490 zimetengenezwa na wachoraji na mafundi wa kompyuta. Na jinsi walivyofanya kazi inashangaza kwelikweli. Walijenga mbuga nzima ndani ya kompyuta, wakavaa miwani ya uhalisia pepe, wakaingia humo na kuanza kutafuta pa kusimamisha kamera, kama ambavyo mpiga picha angefanya porini. Aliyeshika kamera alikuwa Caleb Deschanel, mkongwe wa sinema za kawaida, akitumia vifaa vya kushikwa mkononi vinavyoongoza kamera isiyokuwepo. Mafundi walikwenda Kenya kutazama mwanga, nyasi na mwendo wa wanyama. Sheria waliyojiwekea ilikuwa moja: kisionekane kitu ambacho kamera ya mbugani isingeweza kukikamata.

Sheria hiyo ndiyo iliyomuua Mufasa mara ya pili.

Rudi kwenye ile ya zamani uone walifanya nini. Wachoraji wa 1994 nao walikuja huku kwetu. Walitembelea hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, na ule mwamba na zile nyasi za njano unazozikumbuka vina asili yake huko. Simba hai aliletwa mpaka studio wakamchora akipiga miayo na kujinyoosha. Walimjua simba. Kisha, wakiwa wanamjua hivyo, wakamwacha pale uigizaji ulipodai. Wakampa nyusi, na simba hana nyusi. Macho ya simba wa kweli yamejaa mboni ya rangi ya asali mpaka ukingoni. Wao wakachora mboni ndogo ndani ya eneo pana, ili mtoto aliyekaa safu ya nyuma ajue mhusika anatazama upande gani. Midomo ikawa laini, yenye pembe zinazopanda na kushuka. Andreas Deja, aliyesimamia uchoraji wa Scar, yule ndugu mwovu wa Mufasa, aliazima hata sura ya Jeremy Irons aliyekuwa akitoa sauti: lile jicho lililolegea, ule mdomo unaojikunja upande mmoja kabla uongo haujatoka.

Sasa tazama tukio lenyewe la bondeni. Mufasa ananing'inia kwenye jabali, Scar yuko juu yake. Kucha zinazama kwenye mikono ya ndugu yake, na kwa muda mfupi sana uso wa Mufasa unapita hatua kadhaa: maumivu, kisha kutoamini, kisha kuelewa. Hakuna anayekueleza kwamba ameelewa, unamwona akielewa. Halafu kamera inamwendea mtoto. Macho yamemtoka, masikio yamelala nyuma, nyusi zimepanda katikati kama paa la nyumba. Baadaye anamsukuma baba kwa kichwa, anamvuta sikio, anaita msaada kwenye vumbi tupu, machozi yanamtoka, anajiingiza chini ya mkono wa maiti. Mtoto wa miaka 7 anaweza kuzimiwa sauti yote na bado akajua kila kinachoendelea ndani ya kile kichwa kidogo.

Toleo la 2019 lina matukio hayohayo, kwa mpangilio uleule, na vumbi lake ni zuri zaidi. (Hata hivyo tuwape wa zamani haki yao: wale nyumbu wa 1994 nao ni kazi ya kompyuta. Kikundi kidogo kilihangaika zaidi ya miaka 2 kutengeneza dakika chache zile, ikiwemo kuunda programu ya kuzuia nyumbu wasigongane.) Lakini uso wa simba wa 2019 unaruhusiwa kufanya yale tu ambayo misuli ya simba inaweza: kufungua mdomo, kukunja pua, kusogeza masikio, kupepesa. Simba wa kweli anazo hisia, bila shaka, na anazionyesha. Aliyewahi kukaa kimya ndani ya gari Serengeti au Mikumi, hapo jirani kwako, ameona majike wakisuguana vichwa wanapokutana, mkia ukipigwa chini, masikio yakigeuka. Hiyo ni lugha yao, na wenyewe wanaelewana nayo. Sisi binadamu hatukuzaliwa tukiisoma. Sisi tunasoma nyusi, weupe wa jicho na pembe za mdomo, tangu tukiwa mgongoni kwa mama.

Mwaka huohuo wa 2019 watafiti wa anatomia walichapisha jambo linalohusiana na hili. Walilinganisha nyuso za mbwa wa kufugwa na za mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za baridi, wakakuta mbwa wa kufugwa wana msuli wa kuinua upande wa ndani wa nyusi, na mbwa mwitu karibu hawana. Maelezo yao ni kwamba maelfu ya miaka ya kuishi na binadamu yalimpendelea mbwa aliyeweza kutufanyia ule uso wa huruma. Yaani maumbile yenyewe yalifanya kazi ya mchora katuni. Simba hakupitia huko, na Favreau akasema tusimwongezee kitu.

Hapa mtu anayejua sinema atanipinga, na ana hoja. Atasema uso usiosogea si tatizo. Atamtaja Lev Kuleshov, mwalimu wa sinema wa Urusi, ambaye karibu miaka 100 iliyopita alichukua picha ya mwigizaji aliyetulia uso, akaibandika baada ya picha ya bakuli la supu, kisha ya jeneza, kisha ya mwanamke. Inasimuliwa kuwa watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, huzuni na tamaa, na uso ulikuwa ni uleule. Mtazamaji anaujaza uso kwa yale aliyoyaona kabla. Na ndivyo ilivyo kwenye filamu za mbugani za televisheni: mtoto wa simba anapotea, mama anazunguka akiita, na wewe kochini unafuta jicho, ingawa yule mama hana nyusi na hajasema neno.

Ni kweli kabisa. Ila tazama sharti lake: hajasema neno. Uso mtulivu hubeba hisia zako ilimradi mwenye uso anyamaze. Akianza kuzungumza, uso wake unakuwa shahidi wa maneno yake. Mtu akikwambia "nimeumia sana" huku sura yake ni ya anayesubiri daladala, unaamini sura. Ndicho kilichowapata wanao. Mdomo wa Simba ulisema baba amekufa, uso ukasema ni Jumanne ya kawaida, nao kama watoto wowote wakaamini uso. Filamu ya mbuga ina mnyama aliye kimya na msimulizi anayebeba huzuni kwa niaba yake. Tamthilia ina mhusika anayesema na kuonyesha. Hii ya 2019 ilichukua picha ya ile ya kwanza na midomo ya hii ya pili, na kila moja ikamharibia mwenzake. Hata yule DJ wa kibanda umiza, anayetafsiri huku akiongeza chumvi, angeisaidia kuliko mazungumzo yake yenyewe. Angalau yeye angetuambia nani ana uchungu.

Midomo yenyewe ni taabu nyingine. Ili kutamka "b", "p" na "m" lazima midomo ikutane. Ili kutamka "o" na "u" lazima iviringe. Mchoraji wa zamani alikuwa na maumbo ya mdomo kwa kila kundi la sauti, na mdomo wa katuni unavutika atakavyo. Taya la simba linafunguka na kufunga kama mlango. Wahuishaji wa 2019, yaani mafundi wanaoipa michoro mwendo, walitafuta njia ya katikati, wakafika mbali kuliko nilivyodhani ingewezekana, lakini kila sentensi inakukumbusha kwamba sauti imetoka kwingine. Ndiyo maana sauti ya James Earl Jones, aliyemsemea Mufasa, haikukufikia. Ni ileile, nzito, yenye ufalme ndani yake. Mwaka 1994 ilitoka kwenye kifua kilichochorwa kuibeba. Mwaka 2019 inaelea juu ya simba, kama redio iliyowekwa kwenye nyasi.

Kwenye nyimbo ndipo pazito zaidi, na hapo namwelewa Elton John. Wimbo katika filamu ya aina hii ni mahali ambapo mhusika amejaa hisia mpaka maneno hayatoshi, na dunia nzima inageuka kumfuata. Ule wimbo wa Simba mdogo anayetamani ufalme, mwaka 1994, uliacha kabisa mbuga: rangi zikageuka, mandhari yakawa bapa kama kitambaa cha kuchapwa, wanyama wakapandana mpaka wakawa mnara. Hivyo ndivyo ulimwengu unavyoonekana ndani ya kichwa cha mtoto anayejiona mfalme. Mwaka 2019, watoto wawili wa simba wanakimbia kando ya maji kati ya wanyama wengine. Basi. Wimbo unapanda, picha inabaki chini. Wimbo wa Scar na fisi, uliokuwa na moshi wa kijani na majeshi yakipita mbele yake kwa mwendo wa gwaride, umefupishwa na karibu wote unazungumzwa badala ya kuimbwa. Ukisinzia kidogo umekupita. Na wimbo wa mapenzi unaotaja usiku katika jina lake unaimbwa mchana kweupe. Sijui nani aliidhinisha hilo, lakini natumaini aliulizwa.

Hata mzimu umebanwa na sheria ile. Mwaka 1994 Mufasa anatokea mawinguni mzima, kichwa na manyoya ya shingo vikiwaka, anazungumza na mwanawe uso kwa uso. Mwaka 2019 kuna wingu na radi, na ukikaza macho pengine utaona umbo la kitu. Kamera ya mbugani haipigi picha mizimu, kweli. Lakini mtoto aliyesubiri filamu nzima kumwona baba tena anapewa hali ya hewa. Rafiki, yule nyani mzee mwenye hekima, naye ameporwa lile pigo la fimbo analompiga Simba kichwani, ambalo lilikuwa somo zima la filamu limebanwa kwenye kitendo kimoja, na la kuchekesha juu. Babu wa hadithi zetu hukung'uta kifimbo ndipo akafundisha. Huyu wa 2019 anahubiri tu.

Ongeza hapo muda. Ya zamani ina dakika 88, mpya ina 118. Nusu saa imeongezwa kwenye hadithi ambayo haikupata kona mpya ya maana. Kwa mtu mzima ni kukaa kidogo zaidi. Kwa mwanao wa miaka 7 ni ule muda ambao kiu ya juisi huingia.

Sehemu moja ya nyongeza hiyo ningekuomba uirudie kuitazama peke yake, bila watoto. Ni pale fundo la manyoya ya Simba linaposafiri kutoka msituni mpaka kwa Rafiki. Mwaka 1994 upepo ulimalizia kazi hiyo kwa haraka. Mwaka 2019 fundo linapeperuka, linachukuliwa na ndege, linaliwa na twiga, linatoka kwenye mavi ya twiga, linaviringishwa na dundu, linaendelea na safari. Hakuna mtu anayezungumza. Hakuna mdomo wa kusawazisha na sauti. Na ni sehemu nzuri kuliko zote za filamu ile: ina ucheshi, ina subira, na inaeleza mzunguko wa uhai vizuri kuliko hotuba yoyote ya Mufasa. Mafundi waliotengeneza dakika zile walikuwa tayari kwa filamu nyingine, isiyo na maneno, na nadhani ningeilipia tiketi mara mbili. Waliamriwa kutengeneza hii.

Pengine umejiuliza pia kwa nini watoto walicheka kwa Timon na Pumbaa, kama walicheka, na karibu wote hucheka hapo. Nguchiro na ngiri wale nao wana nyuso ngumu. Tofauti ni kwamba ucheshi wao uko kwenye sauti na kwenye kasi ya kujibizana. Billy Eichner na Seth Rogen walirekodi pamoja, wakiruhusiwa kubuni maneno papo hapo. Unaweza kucheka kwa kusikia tu. Ndiyo maana vichekesho vya redio vipo. Msiba ni jambo jingine. Kwenye msiba unatafuta uso wa mfiwa.

Na kama unadhani nalaumu teknolojia, hapana. Favreau huyohuyo, mwaka 2016, alitengeneza The Jungle Book kwa mbinu za jamaa na hizi, wanyama wakiongea vilevile, na ile inagusa. Katikati yake yupo mtoto wa kweli, Neel Sethi, aliyeigiza Mowgli. Dubu anasema neno, sisi tunatazama uso wa mtoto. Chui anakasirika, uso wa mtoto unatuambia tuogope kiasi gani. Uso mmoja wa binadamu ulitosha kuwabeba wanyama wote. The Lion King haina binadamu hata mmoja. Ukiondoa uigizaji wa nyuso humo, hakuna wa kuupokea mzigo.

Kuna jambo dogo lingine ambalo wazazi huniambia, nami naliona lina uzito: watoto wanachanganya wahusika. Majike ya 2019 yamefanana kama yalivyo porini. Nala mkubwa, mpenzi wa Simba, na Sarabi, mama yake, wakisimama pamoja gizani, mpaka asikie sauti ndipo mtoto ajue nani ni nani. Kwenye ya kuchorwa, kila simba alipewa umbo la pua, rangi na uzito wake. Scar ana rangi ya kahawia iliyokolea na manyoya meusi, amekonda, anatembea kama mwenye siri. Mtoto hahitaji kuambiwa huyu ni mbaya. Mtoto anayetumia nguvu zake kutambua nani ni nani hana nguvu iliyobaki ya kumhurumia mtu.

Ukitaka kuhakikisha hayo usinitegemee mimi. Chukua tukio la jabalini kwenye filamu zote mbili, zima sauti, uwaulize wanao wakueleze kila mmoja anajisikiaje. Usiwasaidie. Sauti ikiwa imezimwa, muziki wa mtunzi Hans Zimmer hautakudanganya, na huo muziki ni mdanganyifu mkubwa. Nusu ya machozi tuliyomwaga utotoni ni wake. Anza na ya 2019, maana ukianza na ya zamani wataikumbuka na kuikopesha hisia ile mpya. Hilo lilitukuta watu wazima wengi ukumbini: shoti za mwanzo zimenakiliwa karibu moja kwa moja, sauti ya mwimbaji Lebo M ya Kizulu ikapanda, mwili ukasisimka, tukadhani ni filamu inayotusisimua. Ulikuwa ni mwaka 1994. Wanao hawana akiba hiyo, kwa hiyo waliitazama filamu iliyopo kwenye skrini, siyo ile iliyo kwenye kumbukumbu za baba yao. Kama mtihani, wao ndio watazamaji waadilifu zaidi.

Sasa ile ya 2024, Mufasa: The Lion King. Wawekee. Imeongozwa na Barry Jenkins, mtu ambaye filamu zake za awali zinapenda sana kukaa karibu na uso wa mtu na kumsubiri, na tabia hiyo ameingia nayo mbugani. Kamera inawasogelea simba, inakaa nao, na wahuishaji wamelegezewa kamba: macho yanasema zaidi, vipaji vya uso vinakunjamana, na unaweza kumtofautisha Mufasa na Taka hata wakiwa wamelowa. Pia hadithi yake ni mpya. Inaeleza jinsi mtoto aliyechukuliwa na mafuriko mbali na wazazi wake alivyopata ndugu wa kulelewa naye, na jinsi undugu huo ulivyooza hadi Taka akawa Scar. Kwa kuwa haikunakili shoti za filamu ya kuchorwa, haidaiwi nyuso ambazo haina.

Si kamilifu. Nyimbo za Lin-Manuel Miranda hazijashika kichwani mwangu, na kila hadithi inapopamba moto inakatizwa na Timon na Pumbaa wakitania, wanao watafurahi, wewe utakereka. Ina dakika 118 vilevile, kwa hiyo ianze mapema, si baada ya chakula cha usiku. Kabla ya hapo, kama hawajawahi kuiona ile ya 1994, waanze nayo, siku tofauti. Na mdogo akikukamata mkono bondeni usimwambie ni katuni tu.